Rambirambi Ndani ya Saa Moja

Kama una televisheni na hulali mapema, unamjua Nicodemus Amugune hata kama jina limekutoka. Ni yule mzee mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, anayekaa mwisho wa meza ya wachambuzi na kuwangoja wenzake wagombane mpaka wachoke, halafu anasema sentensi moja na mtangazaji anaenda matangazo. Chini yake huandikwa vyeo: mshauri wa siasa, mtaalamu wa mawasiliano, mchambuzi wa masuala ya kitaifa. Waheshimiwa wengi wamepitia mikononi mwake. Wengine wamo bungeni, wengine wamo mahakamani, na wote aliwafunza sheria zilezile.

Sheria zake zilikuwa chache. Usijibu swali uliloulizwa, jibu ulilotaka uulizwe. Ukishikwa pabaya usiombe radhi, eleza. Ukishindwa kueleza, sema ukurasa wako umedukuliwa. Na ile aliyoipenda kuliko zote: rambirambi itoke ndani ya saa moja. "Anayechelewa msibani huonekana hana uchungu," alikuwa akiwaambia, "na asiye na uchungu hapigiwi kura."

Nawe unazijua rambirambi za wanasiasa wetu, usijifanye. Marehemu anabanwa pembeni, picha yake ndogo kama stempu. Mheshimiwa ndiye anayejaa katikati, suti na tai, meno yote nje kwa kusahau kwamba pana msiba, na rangi za chama zimetandazwa chini. Ukitazama kwa haraka hujui ni nani aliyekufa. Nicodemus hakuyabuni mabango hayo, lakini aliyaona yanafanya kazi, akayaacha yafanye.

Mwaka huu kazi ilimrudisha Amu, mji mkongwe wa Lamu. Bwana Abdulwahid, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mzaliwa wa mtaa wa Langoni, alikuwa ametangaza kuwania ubunge, na akasema hataki mshauri mwingine ila yule mzee wa televisheni, kwa kuwa alisikia aliwahi kukaa Amu na Kiamu anakielewa. Timu ilipanga vyumba kwenye hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo ya maji. Mabango na mitandao ilikuwa kazi ya Michelle, msichana wa Umoja, Nairobi, mwenye miaka ishirini na sita na vidole vyepesi kupita kiasi. Michelle alizikariri sheria za bosi wake zote, na hakuna hata moja aliyowahi kuikiuka.

Siku nne Nicodemus alikuwa Ras Kitau, na kila asubuhi alijiambia, leo nitavuka niende Amu nikamwone Bi Nadra. Leo ikawa na mkutano. Kesho yake ikawa na mahojiano ya redio. Mwendo wa boti kutoka hotelini mpaka gatini Amu haumalizi hata kikombe cha chai ya moto, naye alishindwa kuumaliza kwa siku nne. Na kabla ya hizo nne kulikuwa na miaka kumi na mmoja bila kumwona. Hebu na tumwachie aibu yake kwa sasa, tutairudia.

Bi Nadra ni nani? Bila yeye hapana Nicodemus, kwa hiyo lazima umjue.

Mwaka wa themanini na tisa Nicodemus aliletwa Amu kuwa mwalimu, kijana wa Vihiga ambaye hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya mto wa kwao. Mwalimu mkuu akampeleka mtaa wa Mkomani kwa mjane mmoja aliyekuwa na sabule, kile chumba cha wageni wa kiume kilicho karibu na mlango wa nje. Mjane huyo alikuwa Bi Nadra, na alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, Swafiya. Wiki ya kwanza mwalimu alirudi kutoka shuleni, akapita mlangoni kimya kimya, akaingia moja kwa moja mpaka ndani, kwenye ule ua mdogo ulio wazi juu, akawakuta wanawake watano vichwa wazi wakisukana. Ndoo ikapinduka, mitandio ikatafutwa haipatikani, na mwalimu akakimbia akajifungia sabuleni mpaka magharibi. Siku ya pili Bi Nadra alimwita akamweleza pole pole, kama anayemfunza mtoto: nyumba ya Amu haiingiwi vile, mgeni husimama mlangoni akabisha hodi, akangoja.

Akabisha hodi mwaka mzima. Kisha akaugua homa ya matumbo, akalala siku kumi na saba, na Bi Nadra akamnywesha uji kwa kijiko, Swafiya ameshika taa. Siku aliyosimama kwa miguu yake mwenyewe, bibi alimwambia, "Mwalimu, mtu niliyemlisha kwa mkono wangu si mgeni tena. Usibishe hodi hapa. Wa nyumbani hukohoa. Wewe kohoa tu, kikohozi chako twakiyua." Tangu hapo alikuwa akifika mlangoni anakohoa mara moja, wanawake wanavuta mitandio bila haraka, naye anapita. Kule kwao Vihiga alikuwa na mama yake na ndugu saba, lakini furaha ile ya kukohoa mlangoni mwa watu na kuachiwa apite hakuwahi kuipata popote.

Ukaja mwaka wa tisini na mbili, vyama vingi vikarudi, na kila mwenye ulimi akataka kugombea. Mmoja wao akamwomba mwalimu amwandikie hotuba, maana mwalimu ana kalamu. Nicodemus akaandika kurasa nane, akaona ameandika jambo kubwa, akamwendea Bi Nadra amsomee. Bi Nadra na majirani zake wawili walikuwa wamekaa ndani wakishona kofia, yeye akakaa upande wa pili wa pazia akasoma kwa sauti ya jukwaani. Akamaliza, akakunja kurasa zake.

"Mwalimu," Bi Nadra akasema, "umesema 'mimi' mara kenda. Na sindano zetu hazikusimama hata mara moya."

Hapo ndipo alipopata elimu ambayo chuo chochote hakikumpa. Bi Nadra alikuwa na mizani yake: mtu anayeshona kofia akisikia neno la kweli, sindano husimama yenyewe. Maneno mengine yote hupita kama upepo wa dirishani na mkono unaendelea na kazi. "Watu wa nti hii huwapumbazi kwa sauti," alimwambia. "Wataka wasikie habari zao, si zako." Mwalimu akaandika tena, akasoma tena. Mara ya tatu sindano moja ikasimama. Mara ya saba zikasimama zote tatu, kwenye maneno mepesi kabisa kuhusu maji ya visima vya mjini kuwa na chumvi, na Bi Nadra akasema, "Sasa enda." Hotuba ikanaswa kwenye kaseti, ikazungushwa nyumba kwa nyumba ili wanawake nao waisikie. Mgombea alishindwa, lakini maneno yakabaki vinywani mwa watu miezi mingi, na aliyeshinda akauliza ni nani aliyeyaandika. Hivyo ndivyo Nicodemus alivyoacha chaki.

Siku alipokuwa akiondoka, mwaka wa tisini na tatu, alikuwa na kamera aliyoazimwa na mtalii, ile inayotoa picha papo hapo. Ilikuwa Idi, Bi Nadra alikuwa ameketi uani ametoka kusukwa nywele, kichwa wazi, akicheka kitu alichosema Swafiya. Nicodemus akaomba picha moja ya ukumbusho. Bi Nadra akautafuta mtandio kwa mkono, kisha akauacha. "Piga," akasema. "Wewe ni mwanangu. Lakini isionwe na mwanamume mwengine mpaka nife, na nikifa ndiyo kabisa. Usinitie dhambini, mwalimu." Akaahidi. Swafiya, miaka kumi wakati huo, alisimama pale pale akaisikia ahadi. Picha ikatoka, moja tu duniani, na Nicodemus akaondoka nayo.

Aliitunza, nimpe haki yake. Ilikaa ndani ya Biblia yake miaka yote, na ilipoanza kupauka akaipiga kwa simu ili isipotee. Alikuwa na desturi ya kuifungua anapokwama katika hotuba. Ila miaka ya karibuni hotuba hazikumkwamisha tena, maana nani siku hizi anasikiliza hotuba? Siasa imekuwa picha. Vijana wanaandamana kwa simu kwanza ndipo kwa miguu, mheshimiwa anajibiwa kabla hajamaliza kusema, na kazi ya mshauri imekuwa kuwahi. Nicodemus aliwahi kulisema hilo kwenye televisheni kwa majivuno kidogo: zamani tulishindana kwa kusema vizuri, leo tunashindana kwa kusema kwanza.

Basi asubuhi ya siku ya tano walikuwa Kililana, upande wa bara, Abdulwahid anazungumza na wakulima kuhusu mashamba na bandari. Mkulima mmoja aliuliza fidia ya shamba lake itapatikana lini, na Abdulwahid akajibu, kama alivyofunzwa, kuhusu ndoto ya vijana wa Lamu. Nicodemus alimtazama yule mkulima usoni akaona sindano haikusimama. Hapo simu ikalia. Alikuwa Mahmud, mumewe Swafiya, ambaye hakuwa amempigia miaka mingi.

"Mwalimu, Bi Nadra ametangulia. Alfajiri ya leo. Tutazika baada ya adhuhuri."

Nicodemus alitoka akaenda kukaa ndani ya gari peke yake. Alilia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na hakuona haya kulia, aliona haya ya siku nne za Ras Kitau. Akafungua picha kwenye simu, akaitazama mpaka kioo kikazimika, akaiwasha tena. Alitaka mtu mmoja ajue amepoteza nini, na kule Kililana hapakuwa na mtu wa kumwambia. Hebu mwenyewe niambie, mtu wa kazi yake akipatwa na huzuni huipeleka wapi? Aliituma picha kwenye kundi la WhatsApp la timu, watu sita, akaandika chini yake: *Huyu ni Bi Nadra wa Mkomani. Ndiye aliyenifunza kazi hii. Ametutoka leo alfajiri.* Kisha akazima simu, akaenda gatini Mokowe kutafuta boti ya kuvukia Amu.

Kati ya hao sita watatu walikuwa wanaume. Hilo peke yake lilikuwa kuvunja ahadi, na hakulifikiria hata kidogo. Lakini balaa kubwa lilikuwa bado linakuja, na lilikuwa linatengenezwa na sheria yake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wa kale.

Alifika Amu adhana ya adhuhuri inamalizika. Alipita vichochoro kwa haraka, akiwapisha punda, akiwaitikia watu salamu. Watu wengine hawakumsalimu. Alidhani ni msiba. Alipofika kwa Bi Nadra wanaume walikuwa wamejaa mlangoni, wameketi kwenye daka, yale mabaraza ya mawe ya pande mbili, na mazungumzo yalikatika alipotokea. Akamnyooshea Mahmud mkono. Mahmud aliutazama ule mkono, hakuupokea. Badala yake alitoa simu mfukoni akamwonyesha.

Lilikuwa bango. Abdulwahid katikati na koti la buluu, anatabasamu. Rangi za chama. Kauli ya kampeni, *Tuko Pamoja*. Na pembeni, ndogo lakini safi kabisa kwa sababu Michelle alijua kuisafisha, Bi Nadra wa mwaka wa tisini na tatu, nywele zake zote nje, anacheka. Chini iliandikwa kwamba mheshimiwa mtarajiwa amepokea kwa majonzi habari za mama yetu mpendwa. Lilikuwa limetoka dakika thelathini na nane baada ya ujumbe wa Nicodemus, na watu elfu mbili na zaidi walikuwa wamekwisha kuliona.

"Wayua picha hii yatoka wapi?" Mahmud aliuliza, na hakuwa anauliza.

Nicodemus, aliyewahi kumtetea waziri mbele ya kamera saba, alirudi nyuma mpaka mwisho wa kichochoro. Jeneza lilipotolewa alifuata nyuma kabisa, mbali na watu, na kule makaburini alisimama nje ya ukuta. Aliuona udongo ukitupwa kwa mbali. Nafasi yake ilikuwa mbele, pamoja na wa nyumbani, na mwenyewe alikuwa ameipoteza kabla ya kufika.

Alipowasha simu ilikuwa na miito thelathini. Alivuka kurudi Ras Kitau akamkuta Abdulwahid anazunguka ukumbini, uso umemwiva. Bango lilikuwa limeondolewa, lakini kitu kikishaingia kwenye simu za watu unakiondoaje?

"Mimi ni mtoto wa Amu," Abdulwahid alisema. "Mama yangu mwenyewe amenipigia analia. Mwanamke mtu mzima, siku ya kufa kwake, kichwa wazi mbele ya kila mwanamume wa nti hii, na uso wangu kando yake unateka, meno yote nje. Nani atanisamehe?"

Michelle alikuwa kwenye kona na macho mekundu. "Boss, mimi sikujua," alimwambia Nicodemus. "Nilidhani umeituma ndiyo tutumie. Si wewe ulisema ndani ya saa moja, tusingoje mtu aidhinishe? Nimefuata tu vile ulinifunza."

"Umefuata," Nicodemus alisema. "Kosa si lako."

"Makosa tutagawana baadaye," Abdulwahid akakata. "Niandikie ile taarifa. Ukurasa umedukuliwa, maadui wa kisiasa, polisi wanachunguza. Uliniambia mwenyewe kwamba ndiyo dawa."

Nicodemus alikaa akaiandika. Ilimchukua dakika nne, kwani alikuwa amekwisha kuiandikia watu wengine mara nyingi. Ilikuwa taarifa nzuri. Ilikuwa na huruma, ilikuwa na hasira kiasi chake, ilimlaumu kila mtu asiyekuwepo. Ingesafisha jina la Abdulwahid kabla ya isha. Akaisoma kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akisoma upande wa pili wa pazia, na akajua kwamba mjini kote hakuna sindano itakayosimama. Tena kulikuwa na mtu mmoja ambaye haiwezi kumdanganya hata kidogo. Swafiya alikuwepo picha ilipotoka kwenye kamera. Mdukuzi gani angeipata picha iliyokuwa ndani ya Biblia ya mtu?

"Sema ukweli," alimwambia Abdulwahid. "Sema mshauri wangu alikuwa na picha ya amana, akaichezea. Nitaje jina."

"Wewe wanishauri nikushitaki wewe?"

"Ndiyo ushauri wangu wa mwisho. Ukisema umedukuliwa, Swafiya atajua ni uwongo, na akijua Swafiya, Ijumaa haifiki kabla Amu nzima haijajua."

Abdulwahid hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye mabango ya kulipia na uchaguzi wa kushinda. Alisema atafikiri. Jioni ile ile ukurasa wake ukatoa mistari mitatu yenye jina la Nicodemus Amugune, bila picha ya mtu yeyote, ikiomba radhi kwa familia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Nicodemus aliona jina lake likiandikwa chini ya kosa. Kusema kweli halikumuumiza sana. Kilichomuumiza kilikuwa kuipoteza ile nafasi ya mbele makaburini.

Siku ya pili ya matanga, saa tano asubuhi, alivuka tena. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja wa kuomba radhi, kwa mkono, akaukunja mfukoni. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye daka, wanazungumza taratibu kuhusu bei ya saruji, kwa sababu msibani watu huzungumza chochote. Aliwasalimu mmoja mmoja kama inavyopasa, akaketi mwisho wa baraza karibu na kizingiti, asiulizwe na asiseme. Saa nzima ikapita. Mtu mmoja akampa kikombe cha kahawa bila kumtazama, na Nicodemus alishukuru kwa kile kikombe kuliko kwa zawadi nyingi alizowahi kupewa.

Mwishowe Mahmud akasogea. "Mimi sina neno nawe," alisema. "Mwenye neno ni Swafiya. Yuwakungoja."

Akaongozwa mpaka mlango wa ndani. Pazia lilikuwa pale pale lilipokuwa zamani, la kitambaa kingine. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengi, alisikia vijiko na vikombe, mtoto akinyamazishwa. Harufu ya ubani na ya ukuta wa chokaa ilimwingia, akawa na miaka ishirini na saba, na akadhani Bi Nadra atasema, "Soma."

Akavaa miwani, akafungua karatasi, akasoma. *Mimi Nicodemus, ambaye nyumba hii ilinilea, mimi ambaye nilikuja bila chochote...* Kule ndani vijiko viliendelea kugonga vikombe. Akasoma mstari mwingine. Vijiko viliendelea. Kufika nusu ya ukurasa alikuwa amezihesabu zile "mimi" zake bila kutaka, na zilikuwa zinakaribia kenda. Akavua miwani pamoja na kamba yake akaiweka kwenye kidaka cha ukutani alipozoea kuweka vitabu vya wanafunzi. Akakunja karatasi.

"Swafiya," alisema. "Mamako aliniambia isionwe na mtu. Nimemvundia ahadi siku aliyokufa."

Vijiko vikasimama.

Kisha sauti ya Swafiya ikatoka karibu sana na pazia, sauti ya mwanamke wa miaka arubaini na mitatu, ambayo alikuwa hajaisikia kwa miaka kumi na mmoja.

"Kila Idi alikuwa akiuliza, mwalimu yuwapi. Twamwambia yu kwenye televisheni. Basi ataka tumuwashie. Akuangalia, asema, mwanangu amekonda. Asema, haya asemayo hayaniingii, lakini mwacheni aseme, ndiyo kazi yake." Pazia likatikisika kidogo. "Juzijuzi tulimwambia uko Ras Kitau. Akatwambia tupike mkate wa mofa, wewe waupenda. Tukapika siku tatu, mwalimu. Siku tatu."

Nicodemus aliichana ile karatasi vipande viwili akavitia mfukoni, na hiyo ilikuwa hekima yake ya kwanza kwa wiki nzima.

"Mama hakufa na kinyongo nawe," Swafiya akaendelea. "Nami siwezi kurithi kitu ambacho hakuwa nacho. Kwa hiyo radhi umepata, yake na yangu, na Mungu akusamehe. Ile picha ifute, na ile ya karatasi umpe Mahmud tuitie motoni."

"Nitaleta."

"Lete." Sauti ilipungua kidogo, ikawa ya mtu anayesema jambo lisilompendeza. "Lakini ukiya, bisha hodi."

Hakuuliza maana. Alisema amesikia, akaomba ruhusa, akatoka. Kwenye daka watu walimpisha, na safari hii Mahmud alimpa mkono. Ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imekwisha vizuri kuliko alivyostahili. Angekuwa anamshauri mteja angemwambia ashukuru, apande boti, aende. Alitembea mpaka pembe ya kichochoro akiwa mwepesi na mtupu. Akatoa simu ili aifute ile picha palepale, akashindwa kuziona herufi. Miwani ilikuwa kwenye kidaka.

Akarudi. Wanaume walikuwa wameondoka kwenda msikitini na daka ilikuwa tupu. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, kama siku zote. Alipokanyaga kizingiti kikohozi kilimpanda kooni chenyewe, kwa mazoea, kile kimoja kifupi, na ilibidi akimeze. Kilimuuma kukimeza. Akarudi hatua moja nyuma, akasimama nje juani, miguu pamoja, kama kijana aliyeletwa jana na meli ya serikali.

"Hodi," akasema.

Ndani palikuwa na mwendo wa kandambili sakafuni, kisha sauti ya msichana. Ilikuwa ya Amal, binti yake Swafiya, aliyekuwa mchanga wa mikononi mara ya mwisho Nicodemus alipokuja.

"Nani?"

Miaka thelathini na sita, katika nyumba ile, tangu alipopona homa hajaulizwa swali hilo. Alifikiri vile vyeo vyote vinavyoandikwa chini ya kifua chake kwenye televisheni. Akavipitisha kimoja kimoja, na hapakuwa na hata kimoja kinachofungua mlango.

"Ni mgeni," akajibu, akangoja.